Mbao na Nuru: Kazi Moja, Mafundi Wawili

Umezuka katika miji yetu mtindo wa kutengeneza kabati kwanza, kisha kulitia taa baadaye. Seremala hushinda siku nyingi akipiga randa mninga au mvule na kukata nakshi kwa patasi. Kazi ikiisha, huitwa fundi umeme, naye hutoboa ubao palipochongwa ua na kugongomea waya juu ya mchongo. Huo si ufundi bali ni uharibifu, nasi twaupinga.

Wako wasemao kwamba kosa ni la umeme wenyewe; ati kazi ya mbao ya kwetu haipatani na waya, na atakaye taa aitundike darini. La hasha! Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilisifika kwa milango yake ya nakshi, na ndiyo iliyokuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata umeme. Kabla ya hapo wenyeji wa Lamu walikwisha kujenga zidaka za chokaa kutani, wakapanga humo sahani na bakuli za kaure zipendeze machoni. Kabati la vioo lenye taa ndani ni mjukuu wa kidaka.

Wengine hukimbilia makabati ya unga wa mbao yatokayo ng'ambo, kwa kuwa huja na taa zake tayari. Hii ni kasumba. Ubao ule hauwezi kushindana na mkongo wetu. Ukipata maji hufura na kumeguka. Kilichowavuta watu hawa ni mpango: aliyelibuni kabati lile aliufikiria waya kabla ya kukata ubao.

Mpango huo hauna siri. Samaki mkunje angali mbichi. Kabla ya kutia gundi, mfereji wa waya uchimbwe nyuma ya mihimili, mbali na nakshi. Waya ulegezwe kidogo, maana ubao hutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Upitao penye bawaba uwe na urefu wa kuuwezesha mlango kufunguka bila kuukata. Transfoma, ishushayo volti 230 za nyumbani kuwa volti 12 za taa ndogo za LED, iwekwe penye hewa, nyuma ya kibao cha kufungulika. Glopu za zamani, ambazo umeme wake mwingi hugeuka joto, zisitiwe kamwe ndani ya kabati, kwani huukausha ubao na kuupasua.

Jambo hili si la urembo peke yake. Maungio ya waya yaliyofungwa ovyo na kufichwa nyuma ya ubao mkavu yaweza kuteketeza nyumba pamoja na waliolala ndani yake. Kisha husemwa kwamba umeme ni mbaya, ilhali ubaya ulikuwa wa mikono iliyofanya kazi bila kushauriana.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Vyuo vya ufundi viwape wanafunzi wa useremala na wa umeme kazi moja waifanye pamoja, wapimwe kwayo pamoja. Na mwenye nyumba awaite mafundi wote wawili siku moja, kabla ya ubao wa kwanza kukatwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.