Kabla ya kumuuliza jirani kabila lake

Mwaka 1972, Mobutu aliamuru Wazaire waache majina ya Kikristo. Joseph-Désiré akawa Sese Seko. Majina yalibadilika kwenye karatasi, imani ikabaki moyoni.

Leo, huko Kivu na Ituri, kabila la mtu laweza kumponza. Ndiyo maana kila raia angepaswa kuketi na kuandika majibu kumi ya swali moja: «Mimi ni nani?» Mzazi, mkulima, muumini, Mkongomani... Kabila litakuwa jibu moja tu kati ya kumi.

Kisha aandike anachoamini kuhusu kabila la jirani, na pembeni ajiulize: nilijionea mwenyewe, au niliambiwa? Aliyeambiwa tu asikisambaze kwenye simu. Kwa maneno kama hayo, watu wameuawa.