Tope la Kwetu na Waandishi wa Magazeti



Mtauliza, wafanyakazi wa reli wa Meru na Embu wana shauri gani na bahari? Shauri lipo. Mto Kathita wa Meru huingia Tana, na maji ya Rupingazi wa Embu hufika huko huko, na Tana humwagika baharini karibu na Kipini. Udongo unaochukuliwa na mvua katika mashamba yetu husafiri njia hiyo bila kukata tikiti.

Magazeti huandika kwamba samaki wamepungua pwani, na lazima apatikane wa kulaumiwa. Leo ni mvuvi na nyavu zake, kesho mkulima wa mlimani, keshokutwa mabwawa. Je, mwandishi amepima nini? Mara nyingi hakupima kitu. Aliketi mkutanoni, akapewa karatasi, akainakili.

Twasema waandishi hawa wafundishwe kwa mikono. Fundi wetu hajifunzi breki kwa hotuba. Hutambaa chini ya behewa akachafuka. Mwandishi naye apande mashua pamoja na wataalamu wa bahari wa KMFRI, wenye kituo Gazi, kusini ya Mombasa. Apewe kisahani cheupe chenye kamba, akishushe majini mpaka kisionekane, kisha apime kamba. Padre Mtaliani, Angelo Secchi, alifanya hivyo mwaka 1865, na kisahani hicho chatumika hata leo.

Hapo ndipo atakapoona kwamba mambo si mepesi. Maji ya Rupingazi hupitia bwawa la Kamburu na mengine yaliyo chini yake, na tope jingi hutuama humo. Lakini Kathita huingia Tana chini ya bwawa la Kiambere, lililomalizika 1988, na tope lake hupita. Tena tope likizidi husonga matumbawe, hali mikoko ya mdomo wa mto hulihitaji. Asiyejua hayo atamlaumu nani kwa haki?

Mwenye gazeti atasema hana fedha. Wenye mali husema hivyo siku zote. Twakishauri chama cha waandishi, KUJ, kilichoanzishwa 1962, kiyadai mafunzo haya katika mapatano na waajiri, pamoja na mshahara wa siku hizo na posho, kama sisi tudaivyo nguo za kazi. Wa Meru na Embu wasisahauliwe. Waanzie darajani Rupingazi na Kathita na chupa zao, wenzao wa pwani waanzie Kipini, kisha walinganishe hesabu.