MAZINGIRA NA NYUMBA YETU: Mti wa Makala Ndio Mti wa Uyoga



Mvua ikishakolea, sokoni tunaona mabeseni ya uyoga, viwavi na masuku. Ni chakula cha msitu wa miombo unaozunguka mji wetu. Hakuna aliyekipanda, hakuna aliyekipalilia. Juma hili tutazame pamoja mambo yanayokitishia chakula hicho, na yale tunayoweza kufanya kungali mapema.

La kwanza ni makala. Umeme ukikatika, hata nyumba yenye resho inarudi kwenye mbabula. Mchoma makala hupenda miti yenye mbao ngumu, kama mutondo na muputu. Sasa sikilizeni: uyoga mwingi tunaoula hauoti popote tu. Chini ya udongo, nyuzi zake nyembamba zimeshikamana na mizizi ya mutondo, muputu na musuku. Mti unaulisha uyoga sukari, na uyoga unautafutia mti maji na rutuba. Mti ukianguka, uyoga ule unakosa wa kuulisha. Uyoga wa vichuguu una njia yake, kwa maana huo unalimwa na mchwa. Lakini viwavi vingi tunavyokaanga vinakula majani ya miti hiyo hiyo ya makala. Kwa hiyo mfuko wa makala unapofika mlangoni, umebeba pia mboga ya miaka inayokuja.

Hatusemi hivi kuwashitaki wauza makala. Wengi kati yetu wamelipa minervali ya watoto kwa kazi hiyo. Tunasema ili tujue bei yote ya mfuko, maana sehemu ya bei hiyo hailipwi sokoni.

La pili ni chikanda. Tunaisaga, tunaichanganya na karanga, watoto wanaipenda. Lakini chikanda ni kiazi cha ua la mwituni, okidi, na ukichimba kiazi umeua mmea wote. Zambia inaipenda kuliko sisi, na wachimbaji wamefika mbali kuitafuta, hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Huko, mwaka 2005, serikali ilifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Kama biashara ya chikanda imesumbua nchi nyingine hivyo, sisi tusingoje.

La tatu, tukumbuke mukula. Kwa miaka mingi ulikuwa mti kama mingine. Kisha wanunuzi wa mbao nyekundu kwa soko la China walifika, na katika miaka michache magogo yakajaa malori. Ilipofika mwaka 2019 ndipo mkataba wa CITES uliuweka mukula katika orodha ya miti isiyovuka mpaka bila kibali. Fundisho ni hili: hatari mpya huanza kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikiangalia.

Hata maua madogo yamo. Juu ya vilima vya shaba vya Katanga kuna mimea zaidi ya aina 30 isiyoota penginepo duniani. Mmoja unaitwa kwa jina la wataalamu Crepidorhopalon perennis. Makao yake yaliyojulikana ni hapa karibu, kwenye mgodi wa Étoile, yaani Kalukuluku. Kilima kikichimbwa, na ua linaondoka.

Lakini matumaini yapo. Miti ya miombo haifi upesi: kisiki chake huchipuka tena, kama hakuna atakayelima juu yake wala kukichoma kila mwaka. Moto wa mwezi wa tano, majani yakiwa bado mabichi, hauumizi sana; moto wa mwezi wa tisa unaua machipukizi. Mbabula yenye udongo ndani inatunza joto na kupunguza makala. Na uyoga uliokaushwa vizuri unauzwa hata kiangazi, wakati bei iko juu. Mwanamke anayepata pesa kwa uyoga ana sababu ya kulinda mutondo.

Juma hili tunaomba mambo matatu. Kwanza, mloweke maharagwe usiku kucha na kufunika sufuria, makala yatabaki. Pili, wenye shamba waache visiki vya mutondo na musuku vichipuke. Tatu, muwaulize bibi na wauzaji wa uyoga: ni aina gani iliyopungua, na ilikuwa ikitoka upande gani? Mje na majibu kwenye mkutano wetu, tuyaandike. Wamama wanaookota ndio wa kwanza kuona kitu kinapopungua. Neno lao lisiishie sokoni.

Tubaki na amani nyumbani.