Baridi Ikibisha Hodi Katika Nchi ya Joto

Akina mama wapenzi, wengi wetu theluji tunaijua kwa kuiona kwenye kadi za Krismasi. Hatukufundishwa na mama zetu namna ya kuishi nayo. Ndiyo maana mwezi huu tumeona vema tuwasimulie yaliyompata mdogo wetu, aliyeolewa na kuhamia mji wa Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Ni kisa chenye funzo hata kwetu tunaokaa huku.

Houston ni mji wa joto. Uko karibu na bahari, na wakati wa kiangazi jasho humtoka mtu kama yuko Dar es Salaam. Lakini katikati ya Februari 2021 baridi kali kutoka kaskazini ilishuka mpaka huko. Houston ilifika zaidi ya nyuzi 10 za sentigredi chini ya sifuri, na Dallas karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Theluji ikaanguka, barabara zikawa barafu tupu.

Usiku wa manane kuamkia Jumatatu, Februari 15, umeme ulianza kukatwa. Visima na mabomba ya gesi yaliganda, mitambo ya umeme ikazimika mmoja baada ya mwingine, na wakati huohuo kila nyumba ilikuwa imewasha vyombo vya kupasha joto. Wasimamizi walilazimika kuwakatia watu umeme ili gridi yote isianguke. Ilibaki dakika 4 na sekunde 37 tu ianguke kabisa. Na kwa kuwa gridi ya Texas karibu yote imejitenga na ya majimbo mengine, msaada wa jirani ulikuwa kidogo. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa.

Simu ya alfajiri

Jumanne saa 11 alfajiri simu yetu ililia. Kule Houston ilikuwa bado Jumatatu, saa 2 usiku.

"Shikamoo dada. Samahani kwa kuwaamsha. Umeme hakuna tangu jana usiku. Mtoto mikono imekuwa baridi kama samaki. Nimeona niingize ndani lile jiko la kuchomea nyama, niwashe mkaa pale sebuleni, kama Mama alivyokuwa akifanya Njombe."

Usingizi ulituruka. "Marahaba. Usithubutu, mdogo wetu! Liache huko huko nje!"

Tulimkumbusha kwamba jiko la Mama lilikuwa katika chumba cha kupikia kilicho peke yake, ukuta haukufika paa, na upepo ulikuwa ukipita juu usiku kucha. Nyumba yake yeye imezibwa kila upande ili ubaridi wa viyoyozi usitoke. Mkaa ukiwaka humo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, husinzia, kisha haamki tena. Hata Njombe kwenyewe na kwingine penye baridi, ni nani kati yetu hajasikia habari za watu waliofunga milango, wakalala na jiko la mkaa, wakakutwa asubuhi wamekufa?

Katika Texas majuma yale watu zaidi ya 1,400 walikwenda hospitali kwa sababu ya sumu hiyo. Wengine waliingiza majiko ya mkaa ndani. Wengine waliwasha gari ndani ya banda lililoungana na nyumba, wapate joto au wachaji simu. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wazazi waliowaona watoto wao wakitetemeka.

Chumba kimoja

Basi afanyeje? Hili ndilo swali la kila mama. Tulimwambia wakusanyike wote katika chumba kimoja kidogo, na shemeji akafanya kazi hiyo kwa mwanga wa tochi. Walitundika mablanketi mlangoni na dirishani, wakaziba nafasi ya chini ya mlango kwa taulo, wakalaza magodoro pamoja. Kila mmoja alivaa nguo kavu, moja juu ya nyingine, na kofia kichwani.

Mtoto wa miezi mitano mdogo wetu alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika naye akiwa ameketi macho, uso wa mtoto ukiwa wazi apumue. Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto kwa kutetemeka kama sisi. Hutegemea mwili wa mama. Akilegea, akikataa kunyonya, au kilio chake kikiwa hafifu huku mwili ni wa baridi, hiyo ni hatari, apelekwe kwa daktari upesi. Baada ya nusu saa simu ilikuja tena: "Dada, amenyonya." Tulimshukuru Mungu, tukalia kidogo.

Jiko lilibaki uani, mbali na mlango na madirisha. Kulipokucha walilitumia kuchemshia maji ya chai.

Mlango wa jirani

Asubuhi hiyo, akiwa na kikombe mkononi, mdogo wetu alimkumbuka bibi mmoja mjane wa nyumba ya pili. Tangu wahamie walikuwa wakisalimiana kwa kupunga mkono tu. Shemeji alibisha hodi mara nyingi. Mwisho mlango ulifunguliwa. Bibi alikuwa amekaa peke yake usiku kucha na koti moja, maneno yake hayaeleweki, kama mlevi. Hiyo ni dalili kwamba baridi imekwisha kuingia mwilini. Walimleta ndani, wakampigia simu ya dharura, na kwa kuwa gari la wagonjwa lilikawia kwa barafu, walimvika nguo kavu, wakamlaza katikati yao. Alipoweza kumeza vizuri wakampa chai yenye sukari, kidogo kidogo. Bibi huyo alipona.

Wengi hawakubishiwa hodi. Serikali ya Texas ilihesabu watu 246 waliokufa kwa sababu ya dhoruba ile. Sumu ya kaboni monoksaidi iliua 19, lakini baridi yenyewe iliua 161, na wengine wao walikuwa ndani ya nyumba zao wenyewe.

Tujiandae kabla

Jumatano bomba la maji lilipasuka juu ya dari ya mdogo wetu, maana kule mabomba mengi hupita darini na hayakukingwa na baridi. Maji ya akiba hawakuwa nayo. Siku hizi kila wanapotangaziwa baridi anajaza ndoo na beseni, anaacha bomba lidondoshe matone maji yasigande, na watu wote wa nyumbani wanajua mahali pa kufungia maji. Amenunua pia kifaa kidogo cha betri kinacholia hewa ikiwa na sumu.

Wakubwa nao walionywa mapema. Mwaka 2011 baridi kama hiyo ilizima umeme Texas, wataalamu wakashauri mitambo ikingwe. Haikulazimishwa. Sheria ya kuwalazimisha wenye mitambo ilikuja mwezi Juni 2021, baada ya maziko.

Yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 hakuwa mtu wa nchi ya theluji nyingi, lakini theluji haikumtia hofu, kwa sababu watu wa nyumbani mwake walikuwa na nguo tayari. Alijiandaa siku za jua.

Je, mama mwenzetu, kipupwe cha Juni na Julai kikija, jiko lako la mkaa litalala wapi? Blanketi la ziada lipo? Na yule bibi anayeishi peke yake nyuma ya nyumba yako, ni nani atakayembishia hodi asubuhi? Leo, kabla hujalala, toa jiko nje. Kesho pita kwake umjulie hali.