Tenisi: Unashinda Huku Unakula Hasara

Wadau, kila US Open ikianza watu huongelea mamilioni tu. Mwaka 2024 hata aliyetolewa raundi ya kwanza aliondoka na dola 100,000. Haya, leo naomba tushuke chini kabisa, ngazi ambayo kamera za TV hazifiki.

Huko chini kuna mashindano ya wanawake ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) yanayoitwa W15. Hiyo 15 maana yake ni dola 15,000, na si za bingwa jamani, ni za mashindano mazima! Bingwa anapata kama dola 2,300. Ukitolewa raundi ya kwanza hufikishi hata dola 200. Ndege, hoteli, msosi, nyuzi za raketi, vyote mfukoni mwako. Kocha ni anasa. Utafiti wa ITF wa mwaka 2014 ulikuta kwamba mwanamke anaanza kurudisha gharama zake akifika kama nafasi ya 253 duniani, na hapo kocha hajahesabiwa.

Na huwezi kukaa nyumbani ukasubiri. Ili jina litokee kwenye orodha ya WTA unatakiwa uokote pointi katika mashindano matatu, au ufikishe pointi 10. Ndiyo maana mabinti wengi hupiga kambi Monastir, Tunisia, ambako W15 zimekuwa zikichezwa wiki baada ya wiki. Ukitolewa Jumanne unafanya mazoezi, unasubiri wiki ijayo, hakuna nauli mpya. Sisemi hizo ndizo zilizomtengeneza Ons Jabeur, aliyecheza fainali za Wimbledon 2022 na 2023. Ila binti wa Tunisia anaanza kutafuta pointi kwa nauli ya basi. Wa kwetu anaanza kwa tiketi ya ndege.

Tusiseme vipaji hakuna ukanda huu. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alitwaa Wimbledon ya vijana ya wawili wawili mwaka 2022, na dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra mwaka 2024. Na bado njia aliyoifuata ni ya chuo kikuu Marekani, Auburn, ambako unasoma huku unacheza. Akili nzuri sana. Lakini nafasi kama hizo ni ngapi?

Mimi naandika nikiwa Dodoma. Jirani zetu Singida wametoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathon, Tokyo 2025. Tukajisifu, sawa. Ila mkimbiaji barabara anaikuta mlangoni. Mcheza tenisi anahitaji mtu aandae mashindano, bila hivyo kipaji chake hakina hata namba.

Sasa wanaosema pesa hakuna. Dola 15,000 ni kama shilingi milioni 40. Mwaka 2023 goli moja la Simba au Yanga kwenye michuano ya Afrika lilinunuliwa milioni 5 (wenyewe wanaita Goli la Mama). Magoli manane hayo, zawadi za W15 moja zimepatikana. Najua kuna waamuzi, mipira na viwanja vya kukarabati, si zawadi tu. Mimi shabiki wa mpira pia, msinipige mawe. Lakini naona Dar, Arusha na Dodoma zikipangwa wiki tatu mfululizo, binti wa hapa anazimaliza zote kwa basi, kupitia Kondoa na Babati, na akiwa na nguvu anaunganisha Namanga hadi Nairobi, ambako W25 ilichezwa 2023.

Upepo wa Dodoma utawasumbua wageni kwenye sevu. Poa tu, na sisi tupate faida ya nyumbani.