Maxence Melo na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu wanapohesabiwa waliokikuza Kiswahili, hesabu huanza kwa Shaaban Robert, ikapita kwa Mathias Mnyampala, ikatua kwa Ebrahim Hussein au kwa Abdilatif Abdalla, kutegemea anayehesabu yuko upande upi wa mpaka. Ni hesabu ya watunzi. Wachapishaji hawamo, wahariri wa magazeti hawamo, na wenye kumbi ambamo lugha ilisemwa na kuandikwa hawakumbukwi ila kwa bahati. Kwa desturi hiyo si ajabu kwamba jina la Maxence Melo ni nadra kusikika katika mihadhara ya Kiswahili. Hutajwa kwingine. Wanahabari wamemfanya shujaa, wanasheria wamemfanya kesi, wafanyabiashara wamemfanya mfano wa kijana aliyethubutu. Wanafunzi wa Kiswahili hawajamfanya chochote, ilhali kilichohifadhiwa chini ya dari lake ni nathari ya Kiswahili ya karibu miaka 20.

Melo ni Mtanzania, na taaluma aliyosomea ni uhandisi wa ujenzi, si fasihi wala uandishi wa habari. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Mike Mushi walianzisha katika intaneti ukumbi wa mijadala ulioitwa Jambo Forums. Ndio mwaka ambao Twitter ilizaliwa Marekani, na ambao Facebook iliwafungulia mlango watu wasio wanafunzi. Mwaka 2008 jina likabadilishwa, ukawa JamiiForums. Mpenzi wa lugha hawezi kuyapita majina haya mawili bila kusimama kidogo. "Jambo" ni salamu waliyouziwa watalii, lakini pia ni shauri, tukio, habari inayosubiri kuzungumzwa. "Jamii" ni hao wenye kuizungumza. Ukumbi ulianza kwa kutaja kinachosemwa, ukaishia kwa kutaja wasemao. Yamkini waanzilishi hawakukusudia hivyo. La kusikitisha ni kwamba nusu ya pili ya jina ilibaki ya Kiingereza mara zote mbili, na kaulimbiu nazo zikaandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba mwenye duka ameona haya kuandika mlangoni lugha inayouzwa ndani.

Kwa maana ndani kilichosemwa kilikuwa Kiswahili. Miaka hiyohiyo wataalamu wa lugha walikuwa na shughuli yao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa KiLinux ulikuwa umeshatafsiri programu za ofisi, na matunda yake ya kwanza yalitoka mwaka 2004. Huku Kenya darasa zima lingeweza kumaliza saa likibishana iwapo mashine ile ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Hakuna anayebeza kazi hiyo. Hata hivyo, ukumbini mwa Melo hakuna aliyesubiri istilahi zitoke mezani. Mfululizo wa hoja juu ya mada moja ukaitwa "uzi". Tuseme kweli, neno hilo ni tafsiri sisisi ya sitiari ya Kiingereza. Lakini lilipokwisha kuingia liliacha kuwa mgeni. Uzi ukaanzishwa, ukafungwa, nyuzi mbili zenye mada moja zikaunganishwa, na asiye na la kuongeza akasema anaufuatilia tu. Aliyeanzisha ni "mleta mada". Aliyefungiwa kwa utovu wa adabu "amekula bani", na hapo mofimu ya kigeni imekaa sawasawa pale panapokaa kiapo, njama na hasara katika Kiswahili cha siku zote.

Neno linalostahili tasnifu nzima ni "mkuu". Kwa desturi ni neno la vyeo: mkuu wa shule, mkuu wa wilaya, mkuu wa kituo. Ukumbini likawa wito wa kila mmoja kwa kila mmoja. Anayetaka kupinga huanza, "Mkuu, hapo umekosea"; anayeshukuru humalizia, "Asante mkuu." Chanzo chake si vigumu kukikisia. Mswahili hawezi kufungua kinywa kumjibu mtu kabla ya kujua ni nani atoe shikamoo na nani aipokee, kama aliye mbele yake ni mzee, shangazi, kaka au mdogo wake. Mahali ambapo kila mtu amevaa jina la kupanga, maarifa hayo hayapo. Huenda anayesahihishwa sarufi ni profesa, na anayemsahihisha ni mwanafunzi wake aliye safu ya nyuma. Lugha ikalazimika kutafuta heshima isiyohitaji umri wala jinsia, ikaichukua kutoka ofisini na kuigawa bure. Hapa ndipo isimujamii na kesi ya Melo zinapokutana, maana wito huo usingalizaliwa kama majina halisi yangaliandikwa.

Jina la kupanga si geni katika maandishi ya Kiswahili. Akilimali alijiita Snow-White, Andanenga akajulikana kama Sauti ya Kiza. Lakini lakabu za washairi zilikuwa pambo. Kila msomaji alijua nyuma yake yuko nani, na mshairi mwenyewe alitaka ajulikane. Lakabu ya ukumbini ilikuwa ngao. Walioandika juu ya ufisadi walikuwa, kwa dhahiri ya walichokijua, watu wa ndani ya ofisi walizoziandika. Melo aliwaahidi kwamba hatawataja, na juu ya ahadi hiyo akajenga biashara yake. Mali aliyokuwa nayo ni hiyo. Mashine za kuhifadhia maandishi hununuliwa na yeyote mwenye fedha.

Ahadi hiyo ilijaribiwa mapema. Februari 2008, wakati siasa za Tanzania zilipotikiswa na kashfa ya Richmond iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu, polisi waliwakamata Melo na Mushi na kuchukua kompyuta zao. Waliachiwa, ukumbi ukaendelea. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyowapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji. Kampuni ya Melo ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kupinga vifungu vyake, na mwaka 2017 Mahakama haikuikubali hoja yake kuu. Kabla ya hukumu hiyo kutoka, tarehe 13 Desemba 2016, Melo alikamatwa. Siku chache baadaye alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, akishtakiwa kuzuia upelelezi kwa kukataa kutoa taarifa za watu walioandika tuhuma dhidi ya makampuni, na pia kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa kikoa cha Tanzania. Zilikuwa kesi tatu. Moja ilimalizika mwaka 2018 kwa kuachiwa huru. Katika nyingine, Aprili 2020, Mushi aliachiwa, Melo akatiwa hatiani na kutakiwa alipe faini ya shilingi milioni 3 au aende jela mwaka 1. Katikati ya safari hizo za mahakamani, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Wanahabari ya New York ilimtunukia tuzo yake ya kimataifa.

Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi kama habari za sheria. Msomaji wa fasihi ana la kuongeza. Kiswahili kina urithi mrefu wa kusema bila kusema: fumbo la mshairi, jina la kanga, mpasho wa taarabu. Katika sanaa zote hizo msemaji anaonekana na maneno ndiyo yanayofichwa. Mwanamke aliyevaa kanga yuko mbele ya macho. Anayelengwa ndiye abaki akijiuliza. Ukumbini mambo yaligeuzwa: maneno yakawa wazi kabisa, yenye takwimu na tarehe, na msemaji akafichwa. Mabadiliko hayo si madogo katika historia ya usemi wetu. Dola nayo ikabadilisha swali. Lililoulizwa Kisutu halikuwa maana ya maneno, liliulizwa jina. Kenya inalijua swali hilo. Waraka wa "Kenya: Twendapi?" uliposambazwa mwaka 1968, hapakuwa na fumbo la kufumbuliwa ndani yake, kwani ulisema ulichosema. Aliyeuandika, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka 3, na kutoka gerezani humo tukapata "Sauti ya Dhiki".

Wapo watakaosema kwamba ngao hiyohiyo huwakinga wazushi, na watakuwa wamesema kweli. Januari 2008, majuma machache kabla ya polisi kumfikia Melo, David Kobia aliufunga ukumbi wa mijadala wa Mashada, uliosomwa sana na Wakenya, kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamewashinda wasimamizi wakati damu inamwagika nchini. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. JamiiForums nayo imebeba uvumi, matusi, na dharau kwa wanawake ambazo mtu asingalizitamka mbele ya mama yake. Wasimamizi walifuta mengi na mengine yakawapita. Lakini udhaifu huo ni hoja ya kuwa na wasimamizi hodari. Hauthibitishi kwamba polisi wapewe daftari la majina. Mwandishi wa tusi na mwandishi wa siri ya wizi wa mali ya umma hukaa katika daftari moja, na anayelifungua kumtafuta wa kwanza huwa amemwona na wa pili.

Linalowagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja ni jambo jingine. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye majukwaa na blogu wajisajili na kulipa ada, wawe pia na njia ya kumtambua anayeandika. Tarehe 11 Juni JamiiForums ilijifunga. Ilirudi baadaye, lakini Septemba 6, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliisimamishia leseni kwa siku 90. Mara zote mbili waliolalamika kwa sauti kubwa walikuwa wanahabari na watetezi wa haki. Kutoka katika vyama na idara za Kiswahili hapakusikika mengi. Pengine ilidhaniwa kwamba ni ugomvi wa wanasiasa. Kumbe kilichofungiwa mlango ni hifadhi ya Kiswahili cha kuandikwa ambacho hakikupita kwa mhariri yeyote: barua za mapenzi na mashauri yake, maelekezo ya kilimo cha matikiti, masimulizi ya safari, hadithi za kutunga zilizotolewa kipande kwa kipande, na ubishi juu ya ufasaha wenyewe, kwani lipo hata jukwaa la lugha.

Gazeti la "Mambo Leo", lililoanza mwaka 1923, leo husomwa na watafiti kwa sababu kuna maktaba zilizoweka nakala. Maandishi ya ukumbini hayana maktaba. Yanakaa kwa hisani ya kampuni moja, leseni moja na mtu ambaye amekwisha kuona selo. Idara ya Kiswahili inayoweza kugharamia kongamano la siku 3 inaweza kugharamia makubaliano na kampuni hiyo ya kuhifadhi nakala, angalau ya nyuzi za miaka ya mwanzo, na wanafunzi wa uzamili wasiojua watafiti nini wangepata kazi ya miaka 10. Ugumu wake upo, hasa wa ridhaa. Walioandika hawakuandikia watafiti, na hakuna anwani ya kuwaombea ruhusa. Watakaohifadhi watalazimika kushika sharti lilelile ambalo mwenye ukumbi alilishika mahakamani: atakayenukuu uzi wa mwaka 2009 ataandika lakabu, tarehe na maneno yalivyo, na katika nafasi ya jina la mwandishi hataandika kitu.