Mwalimu wa Hesabu na Sindano ya Kroshia

Miongoni mwa walimu wanaostahili kufuatwa na wafumaji wetu wa kroshia, namtanguliza Daina Taimina, bibi mzawa wa Latvia, ambaye mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alipoona kuwa vielelezo vya karatasi vya kufundishia jiometria ni vyepesi kuchanika, alitwaa uzi na sindano akafuma umbo ambalo wanafunzi waliweza kulishika na kulikunja wapendavyo. Kanuni yake ni sahali: mfumaji huhesabu vitanzi, tuseme 5, kisha huongeza kimoja, na akidumu hivyo safu baada ya safu pasipo kughafilika, kitambaa hukataa kulala bapa, kikajikunjakunja mithili ya matumbawe. Kitabu alichokitoa mwaka 2009 kuhusu ufumaji huo kilitunukiwa Tuzo ya Euler ya vitabu vya hesabu mwaka 2012, taadhima ambayo, kwa rai yangu, ni haki ya kila fundi ahesabuye kwa vidole. Basi nawasihi walimu wakuu wa skuli zetu wawaalike darasani kina mama wanaofuma vitambaa vya makochi, wasomeshe, na walipwe ujira wao kamili.